Kabla ya Kutaja Mwamko, Fungua Daftari la Mahudhurio

SWALI: Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi katika kijiji kimoja wilayani Bahi. Ada ilifutwa, madarasa tumejengewa, madawati yapo. Lakini watoto walioandikishwa la kwanza walijaza mikondo miwili, na waliofanya mtihani wa la saba mwaka jana waliingia chumba kimoja na nafasi ikabaki. Mwalimu mkuu anasema wazazi hatuna mwamko. Mtendaji anataka tutoze faini. Wazazi wanasema watoto wenyewe ndio hawataki. Kamati imenituma nilete sababu kwenye kikao kijacho. Niseme nini? Na je, ni sisi Wagogo tu, au nchi nyingine maskini nako ni hivihivi? Nauliza kwa uchungu, maana mjukuu wangu mmoja aliyekuwa la tano, tangu Agosti yuko Manyoni anachunga ng'ombe wa watu.

JIBU: Mbukwa, mama.

Swali lako limenikuta nina deni. Kabla ya kustaafu nilikuwa afisa elimu kata, na katika kila taarifa ya mdondoko niliyopeleka wilayani, safu ya sababu niliijaza neno moja: utoro. Wenzangu nao waliandika hivyohivyo. Ndiyo maana ukisoma takwimu za elimu msingi za taifa utakuta utoro unaongoza kwa mbali, huku mimba, vifo na ugonjwa vikifuata nyuma sana. Tulikuwa hatujajibu kitu. Kusema mtoto ameacha shule kwa sababu ya utoro ni sawa na kusema marehemu alikufa kwa sababu pumzi ilikata.

Hilo neno la mwalimu mkuu, mwamko, ni ndugu wa damu wa utoro. Ukishalitamka unajiona umeeleza jambo, kumbe umemtupia mtu lawama. Nakuomba usiingie nalo kikaoni, wala usiingie na sababu yoyote uliyosikia kwa watu, hata hizi nitakazokupa mimi. Ingia na daftari la mahudhurio.

Nakwambia hivyo kwa kuwa mtoto haachi shule siku moja. Anakosa siku ya mnada. Wiki ya pili anakosa mnada na kesho yake, maana alirudi usiku. Walimu wana jina lake: mtoro wa rejareja. Huyu hatafutwi na mtu, kwa sababu leo hayupo na kesho yupo. Sasa piga hesabu. Mwaka wa masomo una siku 194. Mtoto anayekosa siku moja tu kwa wiki anapoteza karibu siku 39 kwa mwaka, na kwa miaka saba ya shule ya msingi hizo ni zaidi ya siku 270, yaani mwaka mzima na karibu nusu ya mwingine. Anayekosa siku mbili kwa wiki anapoteza karibu miaka mitatu kati ya saba, na muda wote huo jina lake limo kwenye hesabu ya wanafunzi wa shule. Akitoweka moja kwa moja akiwa la tano, tunashtuka na kuulizana kwa nini ameacha. Alianza kuacha akiwa la pili.

Kwa hiyo omba madaftari ya darasa la tatu hadi la sita, ya miaka miwili nyuma. Wewe ni mjumbe wa kamati, hakuna wa kukunyima. Usianze kuhesabu mtoto mmoja mmoja, utachoka na utaanza kuwachukia watu unaowajua. Hesabu kwa mwezi: Januari waliokosa walikuwa wangapi kwa siku, Februari wangapi, mpaka Desemba. Ziandike kwenye karatasi moja, kisha chini ya kila mwezi andika kazi inayofanyika kijijini mwezi huo. Tahadhari moja: daftari nalo hupikwa. Mwalimu mwenye watoto tisini hana muda wa kuita majina yote, na mwingine anaogopa kuulizwa, basi anaweka alama za kuhudhuria mstari mzima. Nenda shuleni Jumatatu moja bila kuaga mtu, hesabu vichwa, kisha linganisha na kilichoandikwa. Utajua daftari lenu unaweza kuliamini kwa kiasi gani.

Zoezi hili nimelifanya katika vijiji kadhaa vya Bahi, Chamwino na Chemba. Sipendi kukutabiria, lakini sura ilikuwa ileile karibu kila mahali, na inafuata mvua.

Kwetu mvua ni msimu mmoja. Inaanza Desemba, Aprili imekwisha, na ikinyesha vizuri mwaka mzima haipiti sana milimita 600. Kila kitakacholiwa kijijini kinatoka katika miezi hiyo. Kalenda ya shule nayo inafungua Januari, palizi ikiwa imepamba moto na ghala zikiwa zimebaki vumbi. Januari na Februari daftari linapungua kwa kazi na kwa njaa, na kwa korongo zinazojaa maji kati ya kaya na shule. Wengi husahau kwamba vijiji vyetu vilikusanywa kwenye Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, shule zikawekwa katikati ya makazi mapya, na baadaye watu wengi wakarudi taratibu kwenye mashamba na malisho yao. Shule imebaki pale, watu wamesogea. Ndiyo sababu ya shule shikizi, zile ndogo za madarasa ya chini zinazojengwa vitongojini, na mahali zilipo, wadogo wa la kwanza na la pili wanaonekana hata mvua zikinyesha.

Kisha inakuja Aprili na Mei, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hakuna mkutano hata mmoja wa elimu nilioukalia mjini uliowahi kumtaja kwelea kwelea, yule ndege mdogo anayekula nafaka.

Wewe unamjua. Uwele na mtama vikianza kukomaa, kundi likishuka shambani asubuhi moja kazi ya mwaka imekwisha. Lazima mtu akaamie ndege, yaani awafukuze shambani. Kazi hiyo haihitaji nguvu za mtu mzima, inahitaji sauti, kombeo na macho, na mtu mzima anatakiwa kwenye kibarua kinacholeta unga wa leo. Anayefaa ni mtoto wa miaka minane hadi kumi na miwili, yaani mtoto wako wa la pili hadi la sita. Ndege hula zaidi alfajiri na jioni. Kwa hiyo mama anamwambia mtoto aamie mpaka jua lipande, kisha aende shule. Mama huyo hana tatizo la mwamko. Amegawa siku kadiri alivyoweza. Mtoto anafika shuleni saa nne, miguu imejaa umande na matope, na getini kuna mwalimu wa zamu mwenye fimbo anayesubiri wachelewaji. Siku ya kwanza anachapwa. Siku ya pili anachapwa. Siku ya tatu anafanya akili: akisha kuamia anabaki kule kule shambani na wenzake mpaka jioni, ila nyumbani anasema ametoka shule. Shamba lilimchukua saa tatu za asubuhi. Siku iliyobaki tulimnyang'anya sisi.

Haya niliambiwa na watoto wenyewe chini ya mbuyu mmoja huko Chemba, nikiwa nimekwenda kuwakamata.

Juni na Julai, mavuno yakiwa ndani, daftari linapona. Agosti hadi Novemba linaumwa tena, safari hii kwa kiangazi. Wasichana wanafukua maji kwenye mchanga wa mito iliyokauka na kusubiri zamu mpaka saa tatu asubuhi. Wavulana wanafuata mifugo inakosogea. Mwezi aliotoweka mjukuu wako, Agosti, haukuja kwa bahati mbaya. Na mwaka ambao mvua imekatika Februari, mambo yote yanakwenda pabaya zaidi, kwa sababu baba anakwenda kuhemea, yaani kutafuta chakula mbali, mama anafuata kibarua cha mavuno mbali, na mtoto anawekwa mahali penye chakula. Anaweza kuwekwa kwa bibi, kwa mjomba, au kwa mwenye ng'ombe anayelipa ndama au fedha kidogo. Mzazi wa namna hiyo ukimuuliza atakujibu kwamba mtoto mwenyewe hakutaka shule. Hakudanganyi sana. Ni vigumu mtu mzima kusimama mbele ya mtendaji akasema sikuwa na cha kumlisha.

Jambo la pili ni uji, na hapa kamati yenu inahusika moja kwa moja, kwa hiyo nivumilie.

Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima, na kuanzia Januari 2016 serikali ikaanza kupeleka ruzuku moja kwa moja shuleni, kwa kiwango kilichopangwa cha shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Sare, madaftari na chakula vilibaki kwa mzazi. Maelekezo yalisema wazi pia kwamba mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mchango. Sasa angalia inavyokuwa. Kijiji kinakubaliana kila kaya ilete debe la mahindi na maharage kidogo. Mahindi yanahitajika Januari hadi Aprili, miezi ambayo kaya haina. Wachache wanaleta, wengi hawaleti. Kamati inakaa na kuamua kwamba asiyeleta, mtoto wake asile. Hakuna aliyefukuzwa, waraka haujavunjwa. Lakini mweke mtoto wa miaka tisa asimame pembeni saa nne asubuhi akitazama wenzake wakinywa uji, uone kama kesho atarudi.

Uamuzi huo niliwahi kuuidhinisha kwa mkono wangu, katika shule moja iliyokuwa kwenye kata yangu. Niliona ni haki: asiyechangia asile. Ndani ya wiki tatu mahudhurio ya madarasa ya chini yalianguka vibaya kuliko wakati ambao shule haikuwa na uji kabisa. Uji wa wote ungewaleta, na kukosa uji wote wangevumilia pamoja. Uji wa baadhi uliwatia aibu, na mtoto mwenye aibu haji. Tuliubadilisha muhula uliofuata, lakini kuna sura ambazo sikuziona tena.

Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni nyepesi: michango ikusanywe Juni na Julai, wakati kila kaya ina kitu, na ipokee kile kilicholimwa. Kamati nyingi hung'ang'ania mahindi kwa sababu ndiyo yaliyoandikwa kwenye muhtasari wa miaka yote, wakati ardhi yetu inatoa uwele na mtama. Uji wa uwele una ubaya gani? Tumekulia humo. Mwenye kilo tano alete tano, mwenye karanga alete karanga, asiye na kitu alete kuni au siku moja ya kupika, na watoto wote wanywe. Shule yenye eneo ilime shamba lake la mtama. Najua utaambiwa wavivu watatega. Watakuwepo, ndiyo. Uji wa watoto wao hauna gharama kubwa kuliko kuwapoteza.

Sasa nifike kwenye ile hoja ya wazazi kwamba watoto wenyewe hawataki. Usiipuuze, ina ukweli ambao walimu hatupendi kuusikia. Kuna watoto wengi la nne na la tano ambao hawajui kusoma. Tangu ada ifutwe madarasa ya kwanza yalifurika. Mwaka 2015 mtaala wa la kwanza na la pili ulirekebishwa ukazingatia kusoma, kuandika na kuhesabu, KKK kama tunavyoita, na ulikuwa uamuzi mzuri, lakini KKK kwa watoto tisini au mia na mwalimu mmoja ni jambo jingine. Ongeza kwamba mtoto wa kitongojini anaingia la kwanza na Kigogo chake. Huko Kondoa ni Kirangi. Chemba kuna Wasandawe, ambao lugha yao haina hata undugu na Kiswahili. Mtoto anatumia mwaka wa kwanza kuelewa mwalimu anasema nini. Asipopata msaada hapo, kila mwaka unaofuata umejengwa juu ya kitu ambacho hana.

Halafu inakuja la nne na upimaji wake wa kitaifa. Anayeshindwa anarudia, akiwa tayari mrefu kuliko wenzake kwa sababu alichelewa kuandikishwa. Fikiria kijana wa miaka kumi na mitatu aliyekaa dawati moja na watoto wa tisa, anaitwa ubaoni kusoma sentensi, hawezi, darasa linacheka. Nje ya dirisha mwenzake anaendesha punda wa maji na ana shilingi mia tano mfukoni. Akisema hataki shule, anataka mahali ambapo yeye si mjinga. Kwa ng'ombe ni fundi, anajua kila mmoja kwa rangi ya ngozi na pembe zake.

Wazazi nao wanapiga hesabu, na si hesabu mbaya. Wanaona vijana waliomaliza la saba wakarudi kulima karanga kama baba zao ambao hawakusoma. Wanaona wa kidato cha kwanza wamekutana na Kiingereza ghafla baada ya miaka saba ya Kiswahili, wakatoka kidato cha pili bila lugha moja wala nyingine. Wanajua sekondari ya kata iko mbali, na binti atapangishiwa chumba, geto, akajipikie na kulala mwenyewe. Kwa hiyo wapo wanaomnong'oneza mtoto kwamba siku ya mtihani aandike ovyo. Umewahi kusikia, na mimi nimewahi. Tunawaita wajinga. Mimi naona wameogopa gharama na hatari za sekondari, na hakuna aliyekaa nao kuzizungumza. Sera mpya ya elimu, ile ya mwaka 2014 toleo la 2023, inaelekeza elimu ya lazima ya miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari. Kwa hiyo safari ya kwenda sekondari haitakuwa tena zawadi ya waliofaulu. Swali la geto na hosteli kijiji chenu lazima kilijibu sasa.

Kuhusu wasichana nitasema kwa ufupi, si kwa kuwa ni dogo, bali kwa kuwa hili ndilo pekee ambalo kila mtu tayari analisema. Kuoa au kumpa mimba mwanafunzi adhabu yake ni kifungo cha miaka 30 tangu Sheria ya Elimu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana aolewe kabla ya miaka 18 vinapingana na Katiba. Na tangu Novemba 2021, kwa Waraka Namba 2, aliyeacha shule kwa mimba au sababu nyingine anaruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi. Mwulize mwalimu mkuu wenu kama waraka huo umewahi kusomwa mbele ya wazazi. Nimefika vijijini ambako mabinti walikuwa bado wanaamini lango limefungwa.

Ila liko jambo moja la wasichana ambalo halisemwi vya kutosha: Jiji limetusogelea. Tangu serikali ihamie Dodoma na Mtumba ijae wizara, kila nyumba mpya inatafuta dada wa kazi. Zamani binti alipelekwa Dar es Salaam, safari ya siku nzima kwa gari moshi, wazazi wakasita. Leo ni basi la saa moja au mbili. Anayekuja kumchukua ni shangazi au jirani wa zamani, na anaahidi atamsomesha. Wavulana nao wanabeba kokoto na kuuza mayai ya kuchemsha stendi. Majina haya yote kwenye taarifa yangu yalikuwa "utoro".

Umeuliza kama ni Wagogo tu. Hapana, na waambie hivyo kwa sauti, kwa kuwa dharau hii tumeimeza muda mrefu mpaka tunaitoa wenyewe vinywani mwetu. UNESCO mwaka 2024 ilitaja watoto na vijana milioni 251 duniani walio nje ya shule, na Afrika kusini mwa Sahara ina sehemu kubwa. Kinachovutia ni jinsi sababu zilivyo za mahali. Busia, magharibi mwa Kenya, watafiti walikuta kwamba kuwapa wanafunzi dawa ya minyoo kulipunguza utoro kwa karibu robo. Watoto walikuwa wanaumwa tumbo, na pale hapakuhitajika hotuba ya mwamko. Mexico, kuanzia mwaka 1997, serikali iliwapa akina mama fedha kwa sharti kwamba watoto wahudhurie shule, na walioendelea hadi sekondari waliongezeka, wasichana hasa. Jimbo la Bihar, India, liliwapa mabinti wanaoingia sekondari fedha za kununua baiskeli kuanzia 2006, na pengo kati yao na wavulana likapungua, zaidi kwenye vijiji vilivyo mbali na shule. Minyoo, fedha, baiskeli. Kila mahali kuna mtu aliyeuliza kwanza mtoto anakwama wapi.

Nasi tumo. Mpango wa fedha kwa kaya maskini unaosimamiwa na TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, wenye sharti la mtoto kuhudhuria angalau asilimia 80 ya siku za masomo, ulijaribiwa kwanza mwaka 2010 katika wilaya tatu: Bagamoyo, Kibaha na jirani zenu wa Chamwino. Angalieni ni kaya zipi za watoro wenu zimo kwenye mpango na zipi zilistahili zikaachwa. Hilo ni jambo la mkutano wa kijiji, halihitaji mtu kutoka wilayani.

Sasa faini ya mtendaji. Sheria inamruhusu mzazi kuwajibishwa, na sheria ndogo zipo, sibishani nazo. Kuna baba ana ng'ombe sitini na kamtoa mwanawe shule ili asiajiri mchungaji. Huyo atozwe na asionewe huruma. Ila mjane aliyempeleka mtoto kwa watu ili ale, ukimtoza shilingi elfu thelathini atauza nini? Atauza debe la mwisho au atampeleka kazini mtoto wa pili ili alipie faini ya wa kwanza. Nimeona hilo la pili likitokea. Faini bila kutenganisha watu wa aina hizi mbili inaongeza watoro.

Basi kikaoni, weka karatasi yako ya miezi mezani, waache waitazame wenyewe bila wewe kutoa hotuba. Kisha omba mambo machache. Aprili na Mei, anayetoka kuamia ndege aruhusiwe kuingia hadi saa nne bila fimbo, na somo gumu lisiwekwe vipindi vya kwanza. Mchango wa chakula uhamie Julai na upokee uwele. Watoto wa la tatu na la nne wasiojua kusoma wapate saa moja ya peke yao kila siku, hata kama ni kwa kijana wa kidato cha nne aliye nyumbani, akilipwa kidogo na kijiji. Na mwalimu wa darasa akikosa mtoto siku tatu mfululizo, amtume mwenyekiti wa kitongoji afike nyumbani wiki hiyohiyo, aulizie chakula kwanza na mtoto baadaye. Mwalimu mkuu atasema walimu wamechoka. Ni kweli wamechoka. Mwunge mkono kwa hilo mbele ya watu, atakuunga mkono kwa mengine.

Nimemweka mjukuu wako mwisho makusudi.

Usimtumie mgambo, na usimtumie ujumbe kwa simu ya mwenye ng'ombe. Nenda mwenyewe au umtume baba yake, kabla ya Krismasi, kwa sababu wachungaji wengi hulipwa mwisho wa mwaka na akilipwa hatajiona ametoroka na ujira wa watu. Mwache aje na ndama wake au fedha zake, na zibaki zake. Ukizitumia kwa mahitaji ya nyumbani atarudi Manyoni kabla ya Pasaka. Kabla hajafika, zungumza na mwalimu wa darasa peke yenu. Aliacha akiwa la tano, aingie la tano, asishushwe kukaa na wadogo. Ikiwa umri umempita sana, uliza kama kata yenu ina darasa la MEMKWA, Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Watoto Walioikosa, ambalo ni la watoto wa namna yake hasa. Na usiku wa kwanza atakaolala kwako, mpe kitabu cha la pili, umwombe akusomee ukurasa mmoja kwa kisingizio kwamba macho yako yamechoka. Akisoma vizuri, kilichomwondoa kilikuwa njaa au ng'ombe. Akikwama, nyamaza, mchukulie kitabu taratibu, na asubuhi yake urudi kwa mwalimu.